Baiskeli ya Siku ya Saba

Mkokotoni
Jumamosi, 9 Oktoba 1954

Kwa Bi Mwanakheri, Mkunazini, Mjini.

Asalaam alaykum. Shikamoo. Mimi ni Mwamvua, mke mwenzio wa Mkokotoni. Najua utashangaa kuona barua yangu, maana tangu Silima anioe, mwaka wa saba huu, hatujapelekeana hata salamu. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, kwa kuwa ndizo nilizofundishwa. Zikikupa taabu, niwie radhi.

Silima ameanguka. Juzi Alhamisi, karibu na magharibi, aliletwa hapa kwa gari la ng'ombe. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, na pembeni pana jeraha kubwa. Anasema aliteleza Mahonda, pale kwa Matar anapobadilisha baiskeli. Jeraha lilijaa vumbi jeupe la njiani, nikalifuta na kulifunga kwa kitambaa safi. Fundi wa mifupa wa hapa amemfunga vibanzi vya mti na amesema alale, asitikiswe.

Usiwe na wasiwasi juu ya baiskeli yako. Iko kwa Matar na haikuvuka Mahonda. Yangu nayo imeletwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Keshokutwa Jumatatu zamu yako inaanza. Yeye ameona haya kukuandikia, kaniambia mimi nikuombe ruhusa alale hapa mpaka mguu ushike. Zamu ni haki yako na ukikataa sina la kusema. Ukikubali, nitakushukuru maisha yangu yote.

Mimi mwenzio,
Mwamvua binti Usi


Mkunazini
Jumatatu, 11 Oktoba 1954

Kwa Mwamvua.

Wa alaykum salaam. Marahaba. Herufi zako zinasomeka vizuri kuliko zangu, kwa hiyo usijitie unyonge.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama mahali pamoja. Mimi nimeishi na mpanda baiskeli miaka kumi na tisa. Ameanguka Darajani, ameanguka Mwembetanga, ameanguka hata hapa uchochoroni mbele ya macho yangu. Kila alipoanguka, baiskeli iliumia naye: usukani umepinda, pedeli imekatika. Wewe unaniambia mtu kavunjika mguu na baiskeli haina mkwaruzo. Sasa aliangukia wapi, kitandani?

Wacha nikukumbushe kwa nini mume wetu ana baiskeli mbili, pengine kwako amesimulia vingine. Alipokuwa bado anazunguka kwa miguu na mkoba wake wa ufundi, kutengeneza cherehani za watu, baiskeli ya kwanza ilinunuliwa kwa bangili yangu ya dhahabu. Alipokuoa nilimwambia neno moja tu: "Baiskeli yangu hailali mlangoni kwa mwanamke mwingine." Ikabidi apate ya pili. Kisha nikasikia nawe umesema yako haiji mjini kuegemezwa kwenye baraza yangu. Ndipo akaanza kubadilisha Mahonda, anashuka kwenye yangu na kupanda yako, anashuka kwenye yako na kupanda yangu. Watu wa Mahonda wanacheka mpaka leo. Wacheke. Ile mahameli ya kijani iliyovishwa kiti cha baiskeli yangu nimeitarizi kwa mkono wangu, na sikuitarizi ili ichomwe na jua la Mkokotoni.

Ruhusa nakupa siku tatu. Zikisha, mpandishe gari la abiria aje mjini, hospitali ipo. Kama hawezi kuja, basi aandike yeye mwenyewe. Mkono haukuvunjika.

Mwanakheri binti Duni


Mkokotoni
Alhamisi, 14 Oktoba 1954

Bi Mwanakheri, shikamoo.

Nilimpa karatasi na kalamu kama ulivyotaka. Hiyo hapo nimeitia ndani ya bahasha. Aliandika "Kwa mke wangu" na kalamu ikamdondoka. Ana homa tangu juzi, na mguu umevimba hata vibanzi vimezama nyamani. Sikufichi kitu, na si hila ya kukudhulumu zamu yako.

Ila lile swali lako la baiskeli lilinikaa kichwani. Jana nikamtuma kaka yangu Ame aende Mahonda akamuulize Matar. Amerudi na habari ambayo sijui niiandike vipi. Mume wetu ana baiskeli tatu.

Yangu iko ukumbini, naiona hapa nilipokaa, na kiti chake nilichokivisha ukili wa mkeka. Yako Ame ameiona bandani kwa Matar. Na nyuma yake kuna nyingine, nyeusi, gurudumu la mbele limepinda kama sinia lililokanyagwa, na kiti kimefungwa kipande cha gunia. Ame anasema hiyo ndiyo iliyoanguka. Alipouliza ni ya nani, Matar akamjibu, "Ya Silima. Zaidi ya hapo muulizeni mwenyewe, mie n'nataka kuishi na watu kwa wema."

Kwanza nilidhani kakununulia wewe ya pili, na nikaona wivu, sikatai. Halafu nikakaa nikahesabu. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili yuko kwangu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano yuko kwako. Alhamisi huniambia ni siku ya cherehani za mbali, na hufika hapa jioni amechoka. Wewe hukwambia nini juu ya Alhamisi?

Mwamvua


Mkunazini
Jumapili, 17 Oktoba 1954

Mwenzangu Mwamvua,

Hunambia hayo hayo, cherehani za mbali. Huondoka alfajiri nami hufunga mlango nikirudi kulala. Siku sita tulizigombania mpaka tukazigawa sawasawa, na ya saba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza inakwenda wapi.

Hukuliandika lakini najua unalifikiri, kwa hiyo wacha niliandike mimi. Kila mke ana baiskeli yake. Baiskeli zikiwa tatu, nyumba ni tatu.

Jana nilivaa buibui nikapanda gari mpaka Mahonda. Sijapata kufika huko maishani mwangu. Nikaiona hiyo nyeusi. Nikaipangusa mnyororo kwa kidole, nikapata mchanga mweupe wa pwani. Nikakitazama kile kiti cha gunia na kujiuliza ni mwanamke gani anayemvisha mumewe gunia. Matar alijitia kuziba pancha. Nikamwambia nimekuja na chakula changu, nitakaa hapo bandani mpaka gari la mwisho, na kesho nitarudi. Mwisho akasema, "Bibi, Alhamisi yeye anakwenda Matemwe, kwa Bi Kidawa. Nshasema. Usin'ongezeshe neno."

Kwa Bi Kidawa. Nilirudi na jina hilo ndani ya gari nikalia chini ya buibui, na abiria wakadhani natoka msibani. Alipokuoa wewe nililia kwa hasira. Safari hii nimelia kwa kuchoka. Na nikwambie jambo ambalo si zuri kwangu: miaka yote hii niliomba siku moja nawe uonje nilichokionja. Sasa umekionja, na sikufurahi hata kidogo.

Matemwe ni karibu na wewe. Nenda ukamwone huyo mwanamke, uniletee habari zake kamili, umri wake na umbo lake. Silima abaki huko huko, ruhusa nimeongeza. Homa ikimshika hakubali kula, lakini atakunywa uji wa mchele ukikamuliwa ndimu na kutiwa pilipili manga kidogo. Usimwambie kuwa nimekufundisha mimi.

Mwanakheri


Mkokotoni
Jumanne, 19 Oktoba 1954, asubuhi

Dada Mwanakheri,

Uji ameunywa, bakuli zima. Asante. Sasa kaa kitako usome polepole.

Jana nilimwacha na mama yangu, nikapanda nyuma ya baiskeli yangu, Ame akaendesha mpaka Matemwe. Tulielekezwa pwani. Bi Kidawa ni bibi kizee. Si chini ya miaka sabini, mweupe kwa chokaa tangu nyusi mpaka nyayo, na ana tanuri lake la kuchoma mawe. Aliponiona akasema, "Karibu, mke wa Silima. Wewe ni yupi, wa mjini au wa Mkokotoni?" Nikamwambia wa Mkokotoni.

Mume wetu anabeba chokaa, dada. Kila Alhamisi, mwaka wa tano huu, anapakia magunia matatu nyuma ya ile baiskeli nyeusi, anayapeleka Mahonda kwa waashi, na kurudi kuchukua mengine. Baiskeli zetu hakuthubutu kuzitumia. Chokaa ingekula rangi yake, ingekula mahameli yako na ukili wangu, nasi tungeuliza. Nilimuuliza bibi kilichomfikisha huko, yeye fundi wa watu anayeheshimiwa. Akasema aliwahi kumuuliza, na Silima akamjibu, "Bibi, n'na nyumba mbili. Kinachoingia moja lazma kiingie na ya pili, na cherehani hazitoshi."

Nilisikia aibu mpaka miguuni. Mimi nilidai kitanda cha samadari. Nilikuwa na kitanda kizuri, lakini nilisikia wewe umeletewa kabati la kioo. Nilidai saa ya ukutani na hata kusoma majira ya saa sikujua. Kila nilipodai kimoja yeye alinunua viwili, na sikuwaza hata siku moja kile cha pili kinatoka wapi.

Bado sijafika kwenye lililo zito. Bibi aliuliza aliangukaje. Nikamweleza. Akauliza gunia lilipasuka au halikupasuka. Nikasema sijui, ila jeraha lilikuwa na vumbi jeupe. Akasimama palepale akanishika mkono. "Mwanangu, hilo si vumbi. Hiyo ni chokaa mbichi, inakula nyama. Mmeitoa kwa maji mengi?" Dada, mimi niliifuta kwa kitambaa kikavu na kuifungia ndani. Kwa mikono yangu. Siku kumi na moja.

Tulirudi mbio. Nimeosha ndoo baada ya ndoo. Nyama chini imekuwa nyeusi na vidole vya mguu ni baridi. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akageukia ukuta akasema, "Ningetaja chokaa, mngejua." Mtu yuko radhi apoteze mguu kuliko sisi tujue kuwa anachoka.

Fundi wa mifupa ameinua mikono, anasema haya si yake tena, ni ya hospitali ya mjini. Nami naogopa mambo mawili na sitaki kukuficha hata moja. Naogopa mguu utakatwa kwa kosa langu. Na naogopa kuwa nikishamleta mjini atakuwa wako, asiweze tena kurudi huku. Niambie nifanye nini.

Mwamvua


Mkunazini
Jumanne, 19 Oktoba 1954, adhuhuri

Mwamvua,

Dereva ananisubiri nje na anapiga honi, kwa hiyo maneno ni machache.

Mlete kesho kwa gari la kwanza. Usimpe mtu akushikie njiani, panda naye wewe mwenyewe, umweke kichwa mapajani. Nitakuwa kituoni na machela. Kosa si lako. Ungejuaje, ikiwa mimi nimemfulia mashati miaka mitano na sikujua.

Utalala kwangu. Chumba cha mbele nimeshakifagia. Watu wa mtaa watasema, na mimi nimewapa la kusema kwa miaka saba, hili jipya litawachangamsha.

Kabati la kioo nililidai kwa sababu nilisikia unajengewa ukumbi. Saa niliidai kwa sababu ya samadari yako.

Mwanakheri


Mkokotoni
Jumapili, 5 Desemba 1954

Dada yangu Mwanakheri, shikamoo.

Nimefika salama. Mama yuko vizuri, kuku wamepungua wawili, na migomba imeota mpaka dirishani. Ningependa kukaa kwako zaidi lakini mama asingeweza kubaki peke yake tena.

Nimeshika kalamu ili nikushukuru na kila ninaloliandika naliona dogo. Nitasema tu niliyoyaona. Zile siku tisa ambazo daktari alikuwa akija kila asubuhi kuutazama mguu na kuondoka bila kusema utakatwa au hautakatwa, wewe ulikuwa ukipika sufuria mbili, moja ya hospitali na moja ya kwangu, maana ulijua nikikaa peke yangu sili. Hukunitaka nieleze mara ya pili habari ya kile kitambaa kikavu. Shoga yako alipoingia na kuuliza, "Na huyu ni nani?" ukamjibu, "Mdogo wangu, amekuja kunisaidia kuuguza." Na siku ya kumi daktari aliposema mguu utabaki, wewe ndiye uliyekaa chini sakafuni, wewe ambaye hukai hata kwenye jamvi la mtu, ukanivuta nikakaa nawe. Nimeolewa miaka saba na sijapata kukaa karibu na mtu namna ile.

Tulimuuguza asubuhi wewe, jioni mimi, na siku nyingine kinyume chake, na hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Nimeyafikiria hayo gari zima kurudi huku.

Sasa nisikilize. Daktari amesema atatembea kwa mkongojo na pedeli haziwezi tena. Najua maana yake. Hapa na mjini ni mbali kwa mguu mmoja. Mwache akae kwako. Zamu zangu nakuachia kwa ridhaa yangu, na sheria inaniruhusu. Sikusukumwa na mtu. Ulinipa mguu wake na ukanipa na udugu, nami sina kingine cha kukupa. Nitakuja kumwona nikipata nafasi, ukinikaribisha.

Mdogo wako,
Mwamvua


Mkunazini
Alhamisi, 9 Desemba 1954

Mdogo wangu Mwamvua,

Marahaba. Chumba cha mbele nakifagia kila siku ingawa hakuna anayekichafua. Tangu uondoke nyumba imenizidia ukubwa, na hili sikulitarajia.

Silima katoka hospitali Jumanne. Anakaa barazani na mkongojo wake, watu wanamletea cherehani hapo hapo, na kazi inatosha. Nimemwambia itatosha, maana mimi sidai tena kitu kwa kuwa wewe unacho. Ile baiskeli nyeusi Matar ameinyoosha gurudumu na kuipeleka kwa Bi Kidawa, apate kuitumia atakayembebea. Nilimtumia bibi na kanga, na maneno ya shukrani niliyoyaandika mara nne nikayachana. Hakuwa ameniiba mume. Aliniambia ukweli juu yake, kupitia kwako.

Jana Silima alianza kuniomba radhi. Alisema alitaka kuwa mwadilifu baina yetu na hakujua njia nyingine. Nikamwambia anyamaze, nikamshukuru. Nilimshukuru kwa kila gunia. Nilimshukuru pia kwa kukuoa wewe, na hilo lilimshtua kuliko kuvunjika mguu. Akalia, nami nikalia, na mwenye cherehani yake aliyekuwa akingoja akatuaga akasema atarudi kesho.

Barua yako ya kuniachia zamu nimemsomea. Baadaye nikamwona anajaribu kujikokota uchochoroni na mkongojo, anakwenda na kurudi, anapima nguvu zake. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Kesho Ijumaa. N'natazama kama n'taweza kufika kituoni."

Kwa hiyo zawadi yako naikataa, na usinibishie, mimi ni mkubwa wako. Kesho gari la kwanza tunapanda. Nimeandika tunapanda, hukusoma vibaya. Atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi ya gari, nami nataka kumwona mama na hao kuku waliobaki. Siku zako tatu ni zako, sitazigusa hata saa moja. Mimi nitandikie chumbani kwa mama yako.

Dada yako,
Mwanakheri